Watu Wabaya Elfu Moja

Kuna albamu moja ya roki inazunguka hapa kambini kwenye memori kadi. Aliyeileta kwanza simjui. Ninachojua ni kwamba jioni, vijana wakishachaji simu kwa yule mwenye sola, unasikia magitaa yanapiga kelele kwenye spika ndogo, na juu yake sauti ya mwanamume anayelia na kufoka kwa wakati mmoja. Wazee wanalalamika. Mimi pia nililalamika, mpaka kijana mmoja wa kwetu, wa pwani ya Quiterajo, alipokuja kukaa mlangoni kwangu na simu yake mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, wewe Kiingereza unakijua. Huyu mtu kafanywa nini?"

Ni swali zuri. Mtu yeyote anayeimba kisasi inafaa aulizwe hilo kwanza. Basi nikasikiliza siku tatu, nyimbo zote kumi na tatu, na makala hii ni jibu langu kwake. Nalitoa hadharani kwa sababu nasikia wapo wanaotaka muziki huu ukatazwe karibu na mahema ya watoto, eti unafundisha kuua. Kabla ya kukataza kitu, hebu tujue kinasema nini.

Albamu inaitwa Three Cheers for Sweet Revenge. Kwa lugha yetu ningesema ni vigelegele vitatu kwa kisasi kitamu. Ilitoka Juni 2004, kazi ya kundi la My Chemical Romance la New Jersey, Marekani. Ni albamu ya pili ya kundi hilo, na imekusudiwa kubeba kisa kimoja, wimbo baada ya wimbo, kama tamthilia. Wazungu wana mtindo huo siku nyingi. Kundi la The Who la Uingereza lilitoa Tommy mwaka 1969, hadithi nzima ya mtoto asiyeona wala kusikia, ndani ya sahani mbili. Sisi watu wa pwani tusishangae sana. Utenzi ni nini kama si hadithi moja ndefu inayoimbwa?

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mwanamume na mwanamke wanaopendana. Mwisho wa albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2002, wapenzi hawa wanapigwa risasi jangwani. Albamu ya pili inaanzia hapo. Mwanamume anajikuta upande wa pili, kamkosa mwenzake. Ibilisi anamjia na mapatano: niletee roho za watu wabaya elfu moja, nami nitakurudisha kwa mkeo. Mwanamume anakubali. Anarudi na bunduki, anaanza kazi. Anaua, anahesabu, anaua tena. Hesabu inapokaribia kutimia, anagundua kwamba mtu mbaya wa elfu, wa mwisho kwenye orodha, ni yeye mwenyewe.

Niseme kweli, ukiwasha albamu na kungoja usimuliwe hayo kwa mpangilio, utangoja sana. Nyimbo nyingi zinatoka nje ya kisa. Moja iko gerezani, nyingine ni ya mtu anayekata tamaa, nyingine ni ya rafiki anayemtaka rafiki asiyemtaka. Kisa unakiunganisha mwenyewe, kwa maneno ambayo mwimbaji Gerard Way ameyasema nje ya albamu, na kwa nyimbo tatu nne zinazokishika. Utenzi haufanyi hivyo. Mtunzi wa utenzi akishaanza safari anakushika mkono mpaka bandarini. Kwa hiyo kama hadithi, albamu hii ina matobo kama wavu wa mzee.

Lakini mwisho wake ni mzuri, tena mzuri kuliko watu wanavyodhani. Vijana wengi niliowaeleza walisema Ibilisi alimdanganya yule bwana. Mimi nasema hakumdanganya hata kidogo. Alimwomba watu wabaya elfu moja, basi. Alijua tu kwamba mia tisa tisini na tisa wanatosha kumtengeneza wa elfu. Siku ya mapatano yule mwanamume alikuwa mfiwa. Hakuwa mbaya. Kazi ndiyo iliyomfanya astahili kuingia kwenye orodha. Kwa hiyo albamu inayoitwa vigelegele haina vigelegele ndani. Kwetu vigelegele ni vya wanawake, siku ya ndoa, siku mtoto akizaliwa, siku chombo kikirudi salama. Mwisho wa kisa hiki hakuna hata mwanamke mmoja wa kuvipiga. Yule aliyetafutwa kwa roho mia tisa tisini na tisa haonekani. Anayesema kwamba muziki huu unafundisha kuua hajafika wimbo wa kumi na tatu.

Hiyo ndiyo sifa. Sasa lawama.

Nilipomaliza kumweleza yule kijana, alinyamaza, kisha akasema: "Basi yule bwana angeorodhesha vizuri. Elfu moja ni wengi mno. Mimi wangu saba tu."

Alitoa daftari la shule. Ukurasa wa nyuma kulikuwa na majina saba kwa kalamu ya buluu. Akanisomea. Alipofika la tano alisita, akaliruka, akasoma la sita. Lakini daftari lilikuwa wazi na mimi nilikuwa nasoma pamoja naye. La tano ni jina la mtoto wa dada yangu.

Wasomaji wetu wengi wanatoka pande zetu, na hawahitaji kusimuliwa. Kwa wafanyakazi wa mashirika ambao huenda ni wageni, nieleze kidogo. Quiterajo ni tarafa ya pwani katika wilaya ya Macomia, karibu na mdomo wa mto Messalo. Nchi ya minazi, mikoko na wavuvi. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilitufikia na sisi. Watu walikimbilia msituni, wengine walipanda majahazi na mitumbwi kwenda visiwani, wengine mpaka ufukwe wa Paquitequete kule Pemba, ambako mwaka 2020 vyombo vilikuwa vinashusha watu siku baada ya siku. Kufikia katikati ya 2022 waliokimbia makwao Cabo Delgado walihesabiwa zaidi ya laki tisa. Hizo ndizo namba. Nje ya namba kuna watoto waliochukuliwa. Wavulana walibebeshwa mizigo, baadaye wengine walibebeshwa silaha.

Mpwa wangu alichukuliwa akiwa na miaka kumi na nne. Usiku baba wa kijana huyu alipouawa, kijana alikuwa kajificha kwenye mikoko, na aliwaona waliokuja. Mmoja wao alikuwa mpwa wangu, kabeba mfuko kichwani. Hakumwona akiua. Alimwona amebeba mfuko. Tangu usiku ule hakuna aliyeniletea habari zake, na dada yangu mpaka leo anamwekea nguo.

Sasa rudi kwenye albamu. Watu wabaya elfu moja: nani kawapima? Ibilisi hakutoa majina, na yule mwanamume hakuyaomba. Katika nyimbo zote kumi na tatu, waliouawa hawana sura. Hakuna aliyebebeshwa mfuko. Hakuna mwenye mama anayemwekea nguo. Kisa kinakiri kwamba muuaji ni mtu, mpaka kinamlilia, lakini wale wengine kinawaacha wawe hesabu tu, kama magunia ya kopra. Huo ni upofu wa mtu ambaye kisasi chake kiko jangwani, mahali pasipo jirani. Kisasi cha kwetu kina jirani. Kinapanga foleni pampu moja na wewe. Mimi na yule kijana tunachota maji pamoja kila asubuhi, na kumbe muda wote nilikuwa mjomba wa namba tano.

Usiku ule sikulala. Kilichonijia kichwani ni utendi nilioukuta zamani nilipokuwa nasoma Mtwara, Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kijumwa aliandika, lakini kisa ni cha zamani sana kuliko yeye. Nyimbo ambazo watu wanasema ni za Liyongo mwenyewe nazo zimebaki, na mkusanyo wake mkubwa ulichapwa Ujerumani mwaka ule ule wa 2004. Kwa asiyekijua kisa, nakifupisha.

Liyongo alikuwa shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, mtu mkubwa wa mwili, fundi wa upinde na wa mashairi. Sultani wa Pate alimwogopa, akataka auawe. Kwanza alimtia gerezani. Mama yake Liyongo alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi walikuwa wakila kizuri wanamwachia makombo. Liyongo akamwimbia Saada wimbo wenye fumbo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Mkate wa wishwa nani atautaka? Walinzi wakaupitisha. Kisha Liyongo akaomba achezewe ngoma ya gungu nje ya gereza, na watu walipopiga ngoma na matoazi, yeye ndani alikuwa anakata minyororo kwa tupa. Kelele zilifunika sauti ya chuma. Akatoka.

Hapo nisimame kidogo niwaambie wanaotaka kukataza spika za vijana. Mara nyingi kelele zinafunika kitu. Ukisikia ngoma kubwa, usiulize tu mbona wanapiga hivyo, uliza ndani nani anakata nini. Yule kijana anaweka magitaa kwa sauti ya juu saa ile ile kila siku. Ni saa ambayo baba yake alikuwa anarudi kutoka baharini. Amenieleza mwenyewe.

Tuendelee. Sultani aliposhindwa kwa njia nyingine, alimwendea mtoto wa Liyongo. Alimwahidi cheo, na kumwoza binti yake, akitafuta siri ya kumwua baba. Mtoto akaenda kwa baba, akamwuliza. Liyongo alijua. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikijua kilicho nguoni mwake, lakini akamwambia vile vile: ni sindano ya shaba, nipigwe kitovuni. Mtoto alimchoma akiwa amelala.

Liyongo akaamka na maumivu, akashika upinde, akaenda mpaka kisimani nje ya mji, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde kama anayetaka kufuma. Na hapo akafa. Akabaki vile vile amepiga goti, upinde mkononi. Waliokuja kuteka maji walimwona wakakimbia, wakidhani yu hai. Mji mzima ukashikwa na kiu. Mwishowe wakamwendea mama yake, akaja kumbembeleza mwanawe kwa maneno ya upole atulize hasira, awaache watu wachote maji. Hakujua anamsihi maiti. Siku zikapita, mwili ukaanguka, ndipo watu wakaiona sindano.

Yule mtoto naye hakufaidi. Masimulizi yanatofautiana alikufaje, lakini yote ninayoyajua yanakubaliana kwamba alichoahidiwa hakukipata. Na kaburi la Liyongo, watu wanasema liko upande wa Kipini, mdomoni mwa mto Tana.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, utaona vina maiti anayedai kisasi. Maiti wa New Jersey anatembea na kuua. Maiti wa Pate amepiga goti wala hafyatui mshale. Ungedhani wa pili hana madhara. Lakini mtazame vizuri: kaufunga mji mzima kisimani. Hakuua mtu, ila hakuna anayekunywa.

Utendi unaipita albamu hapo. Albamu tangu mwanzo mpaka mwisho imesimama upande wa maiti. Tunajua anavyojisikia, tunajua alivyochoka, basi. Utendi unageuza uso, unatuonyesha watu wenye ndoo. Unatuambia kwamba kisasi kina hasara hata kabla hakijatekelezwa. Mshale ukiwa bado upindeni, tayari maji yamekatika. Mimi na yule kijana, tangu siku ya daftari, tulikuwa tunakwepana pampuni. Yeye alikuwa anakuja mapema, mimi nachelewa. Hakuna aliyemgusa mwenzake, na nyumba mbili zilianza kukosa maji ya asubuhi.

Kuna jingine. Utendi hausemi mshale ule Liyongo alimtilia nani. Nimelifikiria sana. Sultani hakuwapo kisimani. Aliyemchoma ni mwanawe. Kama aliamka anatafuta wa kumlipa, wa kwanza alikuwa mtoto wa kuzaa mwenyewe, aliyetumwa na watu wazima waliobaki majumbani mwao. Labda goti lile halikupigwa na kifo peke yake. Labda alifika pale akakuta hawezi. Huo ni usomaji wangu, msinishike nao. Ila kila nikiufikiria mfuko kichwani mwa mpwa wangu, najiuliza waliomtuma wako ukurasa gani wa daftari.

Wala sisemi utendi hauna kasoro. Sifa zote kapata Liyongo, na kazi wamefanya wanawake: mmoja kaoka, mmoja kabeba, na kilio kimeachiwa mama. Tena mji uliomwogopa akiwa hai ndio uliomtuma mama huyo huyo akamtulize. Nawaambia hili wafanyakazi wa mashirika kwa heshima. Mnapotuita kwenye semina za maridhiano, na safu za mbele wamejaa akina mama, na mnawataka waseme neno la msamaha mbele ya watu, mkumbukeni yule mama wa kisimani. Aliitwa kwa sababu watu walikuwa na kiu. Hakuna aliyempa pole kwanza. Kwetu wanasema mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa nirudi kwa Wamarekani, maana sijawatendea haki bado. Wimbo wa kwanza wa albamu unaitwa Helena. Ndio mzuri kuliko wote, na hauna uhusiano na watu wabaya elfu moja. Katika kundi lile kuna ndugu wawili, Gerard na Mikey Way. Bibi yao Elena, aliyewalea na kumfundisha Gerard kuimba na kuchora, alifariki mwaka 2003, na wimbo ni wa kumlilia. Wimbo hauna adui hata mmoja. Kuna mtu anayejilaumu kwamba alikuwa mbali wakati bibi yake anaondoka, basi. Walipopanga albamu yao ya kisasi, wameweka msiba mlangoni. Sidhani walifanya hivyo kwa hesabu, lakini wamepatia: kabla ya orodha yoyote kuna mtu mmoja ambaye hakulia vya kutosha.

Nilimwekea yule kijana wimbo ule peke yake, nikamtafsiria mstari kwa mstari kadiri nilivyoweza. Nikamwuliza msiba wa baba yake ulifanyika wapi. Akasema haukufanyika. Walikimbia usiku ule ule. Nani aliyemzika, kama alizikwa, hajui. Hakuna matanga, hakuna dua, hakuna aliyemwagia maji. Nikamwambia, kwenye daftari lako nimeona majina saba, jina la baba yako sijaliona.

Msitarajie niwaambie alichana ukurasa. Hakuchana. Orodha ya saba ipo, na namba tano ipo. Sikumwomba aifute kwa sababu sina haki hiyo. Baba yake ni wa kwake, na mimi ni mjomba wa yule aliyeonekana na mfuko. Lakini siku ya pili alikuja pampuni saa moja, saa yangu. Akaniwekea dumu kwenye foleni. Na jioni akaja na daftari, kaligeuza, kaanza upande wa mbele. Ukurasa wa kwanza umeandikwa jina la baba yake, halafu majina ya wengine wa mtaani kwao waliokufa, anaowakumbuka, kila mmoja na kazi yake: huyu mvuvi, huyu fundi wa majahazi, huyu alikuwa anauza maandazi asubuhi. Alikuwa amefika kumi na moja, akataka nimsaidie.

Muziki ulikuwa unapiga kwenye simu, ile ile albamu, kwa sauti ya chini. Aliniuliza juu ya ukurasa aandike kijiji chetu kwa K yetu au kwa Qu ya Kireno. Nikamwambia yoyote, ila aandike kwa kalamu, asiandike kwa penseli.